Mjusi Kafiri Ndani ya Kaseti Namba Tatu

Siku ya kuniaga, ninyi vijana wa idara ya mionzi mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niwaandikie kidogo jinsi tulivyofanya kazi kabla picha hazijaanza kutokea kwenye kompyuta. Saa inatembea vizuri. Niliyoombwa ndiyo haya. Mambo ya vyeo na madaraja nimeyaacha. Yamo kwenye faili langu, na faili langu, kwa taarifa ya masijala, halionekani.

Hospitali siitaji. Ni ya misheni, iko Tabora mjini, anayeijua anaijua.

Niliripoti kazini siku ya Ijumaa. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Idrisa, mtu wa mjini hapa tangu babu wa babu yake, mfupi, mwenye vidole vilivyogeuka kahawia kwa dawa ya kuoshea picha. Aliniingiza chumba cha giza, akanionyesha mabeseni matatu, akawasha taa nyekundu, akasema, "Jifungie kwa ndani. Usifungue mpaka nikwambie. Mwanga ukiingia, filamu zote zimekufa." Kisha akaenda zake kuswali Ijumaa, na kutoka msikitini akapitia msibani. Nilikaa mle saa tatu na nusu. Aliporudi akagonga, nikafungua nikiwa nimelowa jasho, naye akanitazama kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Hukufungua?"

"Hukuniambia, mzee."

"Basi kazi utaiweza. Wawili waliokutangulia walifungua."

Mpaka leo sijui kama alinipima au alinisahau. Miaka mingi baadaye nilimwuliza, akanijibu kwamba hata yeye hajui.

Chombo alichonifundisha kukiheshimu kuliko mashine yenyewe ni kaseti. Ninyi hamkuikuta. Ilikuwa bati bapa, mfano wa sinia lenye kifuniko. Filamu inakaa ndani, mgonjwa anaegemeza kifua chake hapo, mionzi inapita mwilini mwake inakuja kuchora kwenye filamu. Kitu chochote kikiingia ndani ya kaseti, hata unywele, kinaziba pale kilipo, na picha inatoka na doa jeupe linalofanana kabisa na ugonjwa. "Futa kaseti kila Jumatatu," alikuwa akiniambia. "Vumbi linaweza kumwua mtu mzima wa afya."

Alikuwa mtu wa sheria, lakini si wa kila sheria. Siku moja alikuja fundi baiskeli, analia kweli kweli, anasema baiskeli yake inalia krr, krr, na hakuna fundi mwenzake aliyegundua ufa uko wapi. Mzee Idrisa akafikiri, akasema, "Ilaze." Tukaipiga picha. Ufa ulikuwa chini ya kiti, mwembamba kama uzi. Kwenye daftari akaandika: mgonjwa wa kiume, umri haujulikani, mvunjiko wa shingo.

Mlango wa chumba chetu ulikuwa wa mbao nyepesi, na nje yake palikuwa na benchi la wagonjwa. Kwa hiyo, kwa miaka yote ile, nilisikia watu wakiomba. Nilisikia wakitubu dhambi za mwaka huu na za mwaka ujao. Kuna mama aliyemwahidi Bwana Yesu kwamba picha ikitoka safi hatamsema tena mkwe wake, na ilipotoka safi akaniuliza kama inawezekana isitoke safi sana, ibaki hata na kovu. Nikisikia hayo nilikuwa natabasamu kule ndani. Mimi ni Mmoraviani wa kuzaliwa, mzee wa kanisa, mwimba besi. Nilidhani naijua sala.

Miaka kadhaa baada ya Mzee Idrisa kustaafu, kiangazi cha vumbi jingi, kaseti zetu mbili kubwa ziliharibika kwa pamoja. Nikapanda juu ya kiti, nikatoa rafuni kaseti namba tatu, ambayo kishikizo chake kilikuwa kimelegea na ilikuwa haijaguswa muda mrefu. Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu ilikuwa mbali. Sikuifungua kwenye mwanga, sikuifuta. Nikaingiza filamu gizani, nikaita mgonjwa.

Mgonjwa alikuwa Mzee Kulwa, mkulima kutoka Puge, Mkatoliki, mrefu, na kofia ya pama ambayo hakutaka kuivua hata mbele ya mashine. Alikuwa amekohoa miezi miwili. Aliletwa na mdogo wake wa kike, Bibi Shija. Nikampiga picha. Ilipokauka nikaona, juu upande wa kulia, doa jeupe lenye ukubwa wa karanga mbili, na kwenye doa hilo mkia mwembamba, umejipinda kuelekea kwenye moyo.

Daktari wetu alikuwa kijana mpya, msomi sana. Aliitazama picha hiyo muda mrefu. "Ina mzizi," akasema. Akamweleza mzee kwa upole kwamba lazima aende hospitali kubwa Mwanza.

"Nikienda Mwanza nitapona?" Mzee Kulwa akauliza.

"Sijui, mzee. Kule ndiko watakakojua."

"Mungu ameshajua, na hata Puge yupo. Narudi nyumbani."

Bibi Shija akalia. Mzee akarekebisha kofia yake, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, akaondoka.

Sasa, hata mimi nilikuwa nakohoa. Mji mzima ulikuwa unakohoa. Jioni ile nikamwambia Rehema, msaidizi wangu, anipige na mimi picha, basi tu. Alitumia kaseti iliyokuwepo. Picha ikatoka na doa. Juu, kulia, karanga mbili, mkia umeelekea kwenye moyo.

Ndugu zangu, nimefundisha wauguzi wangapi kwamba doa la ajabu likitokea mara mbili, tazama kaseti kwanza? Nimewafundisha hata ninyi. Lakini kifua kilipokuwa changu, elimu yote ilinitoka. Hata daktari hakufikiria kaseti. Aliona wagonjwa wawili wa siku moja, wenye doa moja, akaanza kuandika makala ya kitaalamu kuhusu ugonjwa mpya wenye mkia. Alinipangia safari ya Mwanza baada ya wiki tatu na kuniomba ruhusa ya kutumia picha yangu.

Nilirudi nyumbani Cheyo, nikamwambia mke wangu Tabitha. Aliinua sufuria ya maharage jikoni, akaitua, akaiinua tena. Kisha tukapiga magoti.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba naomba vibaya kuliko watu wote wa kwenye benchi. Nilimweleza Mungu kwamba mashine yetu ina tabia zake na hakuna mwingine anayezijua. Nikamkumbusha kwamba kwaya ina besi wawili tu, na wa pili ananifuata mimi. Nikataja watu wa rika langu ambao, kwa maoni yangu, walikuwa hawana shughuli. Tabitha akanigusa bega.

"Baba Neema, unasali au unaandika barua ya malalamiko?"

"Naeleza hali ilivyo."

"Hali anaijua. Mwambie unaogopa."

Sikuweza kusema hivyo. Siku iliyofuata nikaendelea na maelezo, safari hii kwa kufunga. Jumapili nikatangazwa kanisani, kwaya ikaniimbia wimbo wa safari ambao nilikuwa nimewafundisha mwenyewe, wakauharibu ubeti wa tatu, na mimi nikiwa marehemu mtarajiwa sikuweza kuwasahihisha. Nikagawa vitu. Viatu vyangu vya Jumapili nikampa shemeji yangu Enoki, aliyevipokea kwa machozi na kuvijaribu hapo hapo.

Wiki ya pili, siku ya Jumanne mchana, nilijifungia chumba cha giza. Hapo ndipo mahali pekee kazini ambapo mtu mzima anaweza kulia bila kuombwa maelezo. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye beseni la maji. Nikataka kuanza kumpangia Mungu tena, maneno yakagoma. Nilikuwa nimechoka. Nimechoka kumwelekeza kama utingo anayemwelekeza dereva kurudi nyuma. Nikasema, kwa sauti, "Naogopa. Namwogopea Tabitha. Sitaki kufa. Lakini sikuelekezi tena. Mapenzi yako yatimizwe." Basi. Hakuna nuru wala sauti. Ila mabega yangu yalishuka, na nikagundua kwamba kwa siku kumi na mbili yalikuwa yamepanda hadi masikioni.

Nilitoka mle nikiwa mtu mwingine. Nikala ugali wote. Na kwa kuwa nilikuwa nimekubali kuondoka, nikaona niondoke kama fundi: nimkabidhi Rehema vyombo vikiwa safi. Nikaandika orodha. Nikapaka mafuta magurudumu ya meza, nikaosha mabeseni, nikazipanga herufi za risasi tulizotumia kuandikia majina ya wagonjwa kwenye picha, nikakuta hatujawahi kuwa na F. Mwisho nikafungua kaseti, moja moja, mbele ya dirisha.

Ndani ya namba tatu alikuwemo mjusi kafiri. Mdogo, mkavu, bapa kama jani la ndani ya Biblia. Mwili wake ulikuwa na ukubwa wa karanga mbili. Mkia ulikuwa umejipinda.

Rehema alifika akanikuta nimekaa sakafuni nimeishika kaseti kama sinia la chai. "Mzee, ndiyo maumivu yameanza?" akauliza. Nikamwonyesha. Akatazama mjusi, akanitazama mimi, akatoka nje, nikamsikia kule koridoni anacheka mpaka anaomba maji.

Tulipiga picha nyingine kwa kaseti safi. Kifua changu kilikuwa cheupe pale tu panapostahili, mbavu na moyo, kila kitu mahali pake. Daktari alifurahi kwa upande mmoja wa uso. Upande wa pili ulikuwa unaiaga makala.

"Kwa hiyo hufi?" Tabitha akauliza nilipofika nyumbani.

"Kwa sasa, hapana."

Akanikumbatia, akalia, kisha akajifuta. "Na viatu?"

Enoki alikuwa ameshavivaa harusini. Alisema zawadi ni zawadi.

Asubuhi yake Tabitha alinitazama nikinywa chai. "Jana ulikuwa mtakatifu," akasema. "Leo hata chai hujaiombea." Ilikuwa kweli. Nililala usiku ule bila kusali hata neno moja, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Na wakati ananiambia hivyo, ndipo nilipomkumbuka Mzee Kulwa.

Simu yake haikupatikana. Nikaomba ruhusa, nikachukua picha yake, nikamtia mjusi kwenye bahasha, nikapanda basi la Nzega. Njiani nilijiambia kwamba mzee wa watu huenda ameshakufa kwa hofu, na aliyemwua ni mimi. Nikateremka Puge, bodaboda ikanifikisha. Kabla hatujafika uani nikasikia watu wanaimba wimbo wa kuzika.

Lakini Mzee Kulwa alikuwa hai. Alikaa kwenye kiti chini ya banda la nyasi, shati jeupe, kofia kichwani, amenenepa. Majirani wa jumuiya yao walikuwa wanamwimbia kwa zamu, kila siku, ili asife peke yake. Pembeni yake alikaa mzee mwingine, uso ule ule, urefu ule ule, hana kofia, anampepea na kipande cha boksi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana picha. Karibu. Umewahi." Hakuwa anakohoa. Alipoona naangalia kifua chake akasema, "Kikohozi kimeniacha. Kimeona kazi imekwisha."

Bibi Shija alinivuta kando, akanieleza. Yule mwingine ni pacha. Kwetu mnajua, pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayewafuata ni Shija. Doto, tangu ujana wake, alidai kwamba shangazi aliyewapokea aliwalaza kwenye ngozi moja akawachanganya, na kwamba Kulwa halisi ni yeye. Waligombana mpaka wakaacha kusalimiana. Wamezikiana wake, kila mmoja akisimama upande wake wa kaburi. Sasa Kulwa alipoambiwa anakufa, alimwita ndugu yake mbele ya katekista akasema, "Siwezi kwenda mbele za Mungu na ugomvi wa jina. Lichukue. Wewe ndiye Kulwa." Doto akaanguka kifuani kwake akalia kama mtoto. Toka siku hiyo amehamia, anampikia uji, anamwogesha, anampepea. "Kijiji kizima kimeguswa," alisema Bibi Shija. "Watu wawili wamebatizwa."

Nilitamani kurudi kwenye bodaboda. Lakini nilikwenda mbele yao, nikaomba wimbo usimame, nikasema yote. Nikaitundika picha kwenye mwanga, nikamshikilia mjusi juu ya doa. Alikaa sawasawa, mwili kwa mwili, mkia kwa mkia. Nikasema kosa ni langu, na kwamba aje tumpige picha upya, ila kwa ninavyojua mimi, hana ugonjwa ule.

Kisha Mzee Kulwa akasema, "Kwa hiyo sifi."

"Si kwa hili, mzee."

Akamgeukia pacha wake. "Basi nirudishie jina langu."

Boksi likaacha kupepea. "Jina gani?"

"Kulwa!"

"Naam?" Doto akaitika.

"Usiniitikie! Nilikupa kwa sababu nakufa."

"Neno la mtu anayekufa halirudi."

"Lakini sifi!"

"Hilo ni lako na daktari."

Majirani wakagawanyika hapo hapo. Katekista akasema suala hili limpite, lipelekwe kwa paroko. Kuna aliyeuliza kama nyimbo walizoimba zinahesabiwa. Bibi Shija akanitazama mimi, si wao. "Baba," akasema, "wewe ungekaa tu mjini na mjusi wako."

Mzee Kulwa alinyanyuka. Nilidhani anakwenda kuchukua fimbo. Alitembea mpaka kwenye uzio wa zizi, akavua kofia, ndiyo mara ya kwanza namwona kichwa, akasali kwa sauti. Kwa wiki mbili alikuwa amezoea kusali watu wakisikiliza.

"Baba, nilikwambia utakalo lifanyike, na nilimaanisha. Nilikuwa nimeshajiandaa. Kufa nilishakuzoea, ilibaki kidogo tu. Sasa unataka niishi. Tena na huyu. Tena hapa hapa uani kwangu, akiitwa jina langu na mimi nikimsikia. Hili sikuliona, Baba. Kufa ni siku moja. Hili ni la kila siku." Ng'ombe wakamtazama. Alifuta uso kwa kofia. "Haya. Nipe siku mbili."

Nami nilisimama pale na bahasha yangu, nikijua kwamba Mungu nilikuwa nimempa kifo changu tu. Uhai wangu nilikuwa nimeunyakua tena na kukimbia nao. Nikainamisha kichwa. Nikaazima neno lake: "Haya."

Baada ya siku mbili walikuja Tabora, wote, ndani ya pikapu, na jumuiya pia. Nilifungua kaseti mpya mbele yao. Wakaikagua mapacha wote wawili, Doto akaingiza kidole kwenye pembe zake. Nikaenda kuitia filamu gizani, mzee akavua shati, akaegemeza kifua. Nikachukua kisanduku cha herufi za risasi. Utaratibu unataka niulize, hata kama namjua mtu.

"Jina?"

Aliangalia ukuta. "Andika Doto," akasema.

"Andika Kulwa," akasema ndugu yake kutoka mlangoni, wakati ule ule.

"Nimeshakupa!"

"Nimekurudishia!"

"Mbele ya katekista nilikupa!"

"Na mimi mbele ya bwana picha nimekurudishia. Acha ubishi, simama vizuri."

Nilibaki na K mkono mmoja na D mkono mwingine. Benchi la wagonjwa lilikuwa limesimama lote mlangoni. Nikaona nipige kwanza, jina litafuata. "Mzee, vuta pumzi. Ishikilie." Nikabonyeza. Mashine ikalia. Nami nikasimama nimezama katika mawazo ya herufi zile mbili, ipi ya haki, ipi ya upendo, na nikasahau kabisa kumwambia apumue.

Naye hakupumua. Alikuwa mtu wa kutii. Shingo ikamvimba, macho yakamtoka, jasho likamtiririka mgongoni, na kofia ikamwanguka.

"Kulwa!" Doto akapiga kelele, akaja mbio, akamshika mabega. "Pumua, Kulwa! Kulwa, ndugu yangu, usife!"

Mzee akaachia pumzi yote usoni kwa pacha wake. Wakatazamana. Kisha wakaanza kucheka, mmoja akianza na mwingine akifuata, sikujua nani wa kwanza.

Katika kucheka mzee aliigonga kaseti ikaanguka, kifuniko kikafunguka, mwanga ukaiua filamu. Ikabidi tupige tena. Ya pili ilitoka safi, kulia na kushoto. Na kwenye daftari, mahali pa jina, Rehema aliandika Kulwa, kwa sababu ndilo alilolisikia likiitwa.